Mkalimani Aliyepiga Pasi Maneno

Mkalimani wa chuo kile alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti nzuri na nguo za rangi moja tu, buluu iliyokolea. Usidhani alikuwa na msiba au alikula kiapo. Viziwi husoma mikono, na mikono haisomeki vizuri mbele ya gauni la maua. Kwa hiyo siku alipoajiriwa aliwagawia majirani magauni yake yote ya maua na mistari, akavua pete zake akazifungia kabatini, na tangu hapo akawa mtu wa buluu. Majirani walishukuru sana. Mpaka leo kuna mmoja anavaa lile la zambarau, na mkalimani akimwona barabarani hutazama pembeni, moyo unamuuma kidogo.

Wanafunzi walimwita Shangazi. Nani alianza, hakuna anayekumbuka. Kitengo chao, cha wanafunzi wenye ulemavu, kilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi, kati ya stoo ya viti vibovu na choo ambacho mlango wake ulikuwa umepanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite. Ndani kulikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu za wasioona, yenye kelele za kutia wazimu, na meza ya mkuu wa kitengo, bwana mmoja wa makamo ambaye naye alitembelea kiti cha magurudumu. Huyu bwana hakuwa na maneno mengi. Alichoamini ni kwamba kitengo kile kipo ili vijana waondoke pale wakajitegemee, wapate kazi, wapange vyumba vyao, walipe umeme wao na kuulalamikia kama watu wengine. Mwanafunzi akija kuomba asaidiwe jambo analoliweza mwenyewe, alifukuzwa kwa tabasamu.

Sasa, kazi ya mkalimani wengi hawaijui, wanadhani ni kupunga mikono tu. Mkalimani hana "mimi" yake. Mwanafunzi kiziwi akionyesha kwa mikono kwamba tumbo linamuuma, Shangazi husema kwa sauti, "Tumbo linaniuma," na mara nyingi daktari humgeukia yeye Shangazi akampa pole. Ndiyo sheria ya kazi. Anayesema ni kiziwi, na mkalimani ni mdomo wa kuazima. Shangazi aliijua sheria hiyo vizuri na aliwafundisha wengine. Ila alikuwa na kaugonjwa kake, na kaugonjwa kenyewe kalikuwa ka huruma.

Alikuwa anapiga pasi maneno.

Kiziwi akisema jambo lenye makunyanzi, Shangazi alilinyoosha kabla halijafika masikioni mwa watu. Mwanafunzi akisema, "Somo hili halieleweki, na nadhani hata mwalimu halielewi," Shangazi alisema kwa ile sauti yake nzuri, "Ningeomba mwalimu arudie kidogo, tafadhali." Mwalimu alirudia, mwanafunzi alielewa, kila mtu alikwenda kula. Nani kaumia hapo? Shangazi alijiona mwerevu. Walimu walisema, hawa viziwi wana adabu, jamani, kuliko hata wenzao.

Kaugonjwa hako alikatoa kwao. Mdogo wake wa kiume, wa pekee, alizaliwa haisikii dunia. Baba yao alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuondoka na kurudi, na akirudi alirudi na mkanda wake kiunoni. Nyumba nzima aliyejua kuzungumza na yule mtoto ni dada mtu, kwa alama walizojitungia wenyewe uani. Mezani baba aliuliza, "Anasemaje huyu?" Mtoto alikuwa amesema chakula hakina chumvi na baba anatafuna kama trekta. Dada, moyo mkononi, alijibu, "Anasema karibu nyumbani, baba." Baba alimpapasa mtoto kichwa. Mkanda ulibaki kiunoni. Ukiwa na miaka saba halafu ukaona maneno yako yanaweza kuuzuia mkanda, unadhani utaacha lini?

Kati ya wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, Shangazi hakumpenda yeyote kama Mwanya. Jina la alama la msichana yule lilikuwa kidole cha shahada kikigusa meno ya mbele, kwa sababu ya mwanya wake mzuri aliokuwa akiuonyesha kwa kila mtu, maana alikuwa mtu wa kucheka. Mwanya alikuwa mtu wa vituko. Akiwa na viziwi wenzake alimwigiza kila mtu chuoni: mlinzi anavyosinzia amesimama, mhadhiri anavyotafuta miwani iliyo usoni mwake, Shangazi mwenyewe anavyopanda ngazi huku akijipa moyo. Wenzake walivunjika mbavu mpaka wakakaa chini. Alikuwa anasoma sayansi ya vyakula, na pua yake na ulimi wake vilikuwa hatari. Akionja maziwa alijua yalichemshwa kwenye sufuria iliyowahi kuungua.

Alipokaribia kumaliza, kitengo kilimtafutia kazi. Kiwanda cha maziwa kilimwita kwenye mahojiano, kikamkataa. Kiwanda cha juisi kikamwita, kikamkataa. Mkuu wa kitengo, ambaye hakuwa mtu wa kukubali "hapana" kavukavu, alipiga simu kote kuuliza sababu, akitegemea kusikia zile sababu za siku zote. Akakuta nyingine kabisa.

"Binti mzuri sana," walimwambia kule kwenye maziwa. "Mpole, ana adabu. Lakini mtu wa ubora anatakiwa asimame mbele ya fundi mzima amwambie, zima mashine, maziwa haya hayatoki. Yule binti wenu wangemla mbichi."

Kule kwenye juisi walisema vivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi.

Mkuu wa kitengo aliweka simu chini akashangaa. Mwanya, mpole? Mwanya ambaye alishagombana na mpishi wa bweni kwa karatasi na kalamu mpaka mpishi akaishiwa wino? Aliwaza, akakata shauri kwamba labda binti anaingiwa na hofu mbele ya mabosi. Na kwa kuwa kiwanda cha biskuti kilikuwa kimeshamwita, na mwaka ule hakikuonekana kiwanda kingine, na Mwanya alikuwa ameshaambiwa na wazazi wake kwamba asipopata kazi arudi nyumbani akalee watoto wa kaka yake, mkuu aliitisha mazoezi. Yeye angekuwa meneja. Shangazi angetafsiri. Rafiki wa Mwanya, msichana wa chumba kimoja naye aliyevaa kifaa cha sikio na kusikia kiasi chake, alikuja kutazama tu.

Walikaa ipasavyo, Shangazi kando ya "meneja" ili Mwanya amwone vizuri.

"Kiwanda chetu kina kelele nyingi na kazi ni ngumu," alisema mkuu, akikaza uso kimeneja. "Kwa nini tukuajiri wewe?"

Shangazi aliyapeleka maneno kwa mikono. Mwanya alifikiri kidogo, macho yakamng'aa, akajibu kwa mikono na uso mzima: kwa sababu kelele hizo zinawaumiza vichwa wafanyakazi wenu wote kabla hata ya chai, na kichwa kitakachobaki na akili mpaka jioni ni changu peke yangu.

Shangazi alisema kwa sauti nzuri, "Naamini nitaweza kuyazoea mazingira ya kiwanda bila shida."

Mkuu alitikisa kichwa kwa heshima, akajiandaa kuuliza la pili. Lakini yule rafiki, ambaye macho yake yalisoma mikono na sikio lake likasikia sauti, alikuwa ameanza kucheka kile alichokiona, kisha akashtuka kwa kile alichokisikia. Mwanya aliona kicheko kilivyokatika. Aligonga meza. "Amesema nini?"

Rafiki alimtazama Shangazi. Alimtazama mkuu. Akatamani kifaa chake kingeishiwa betri siku ile. Halafu, pole pole, akamwambia.

Mwanya aliitia mikono yake mifukoni. Kwa kiziwi huo si mkao tu. Ni kufunga mdomo na kufuli juu yake. Alikaa hivyo akimtazama Shangazi, na Shangazi akahisi ule uso mzuri wa mwanya ukiondoka mbele yake kidogo kidogo. Mkuu wa kitengo alielewa bila kutafsiriwa. Alisukuma kiti chake akatoka na yule rafiki, akauvuta mlango.

Mikono ilitoka mifukoni. "Tangu mwaka wa kwanza?"

"Mwanangu," Shangazi alisema kwa mikono, "nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

"Na watu. Watu wakisikia maneno makali kwa mtu kama wewe, hawasemi ana utani. Wanasema ana kiburi. Wanasema hawa watu ndivyo walivyo."

"Kule kwenye maziwa waliniuliza nitafanya nini fundi akibisha. Mimi nilisema nitasimama mbele ya mashine mpaka aizime, na akinipigia kelele atachoka yeye, maana mimi sisikii. Wewe ulisema nini?"

Shangazi alikumbuka vizuri sana. Alitamani asingekumbuka. "Nilisema utajaribu kuzungumza naye kwa upole."

Mwanya hakulia. Angelia, Shangazi angejua pa kushika, angemkumbatia mambo yakaisha. Alisema tu, kwa alama ndogo ndogo za mtu aliyechoka, "Miaka yote nilikuwa nashangaa. Wenzangu nikiwachekesha wanaanguka. Watu wanaosikia nikiwachekesha wananitikisia kichwa. Nikadhani utani wangu mbaya. Nikadhani mimi si mcheshi, ni wenzangu tu wananionea huruma." Akachukua begi lake. "Kumbe hata hawajawahi kuniona."

Akaondoka. Mashine ya nukta nundu ikaendelea kupiga kelele zake, na Shangazi akakaa pale na gauni lake la buluu, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza haijui pa kwenda.

Jioni hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mdogo wake, ambaye siku hizi ni fundi seremala mwenye karakana yake, wanafunzi wake wa ufundi na kitambi chake. Alimkuta anapiga randa mlango, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Fundi alipomwona dada yake aliweka randa chini, akamvutia stuli, akaipangusa kwa kofia yake, ikazidi kuchafuka.

Shangazi alimweleza yote. Alijitetea mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayebishana na polisi. Alimkumbusha ya nyumbani. "Wewe mwenyewe unajua. Bila mimi baba angekuua. Mpaka anakufa alikuwa anakupenda."

Fundi alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho. Kisha akajifuta mikono vizuri, kidole kimoja kimoja, maana alitaka aeleweke.

"Dada," alisema, "baba alimpenda yule kijana mpole uliyekuwa unamtengeneza mezani. Anasema karibu baba, anasema asante baba, anasema umechoka baba. Hata mimi ningempenda. Lakini mimi na baba hatukuwahi kuonana."

Shangazi alifunika uso. Fundi aliivuta mikono yake ikashuka, kwa sababu mtu aliyefunika uso hawezi kuambiwa kitu kwa alama.

"Sikulaumu. Ulikuwa mtoto, na mkanda ulikuwa wa kweli. Tena umenipunguzia viboko vingi, mgongo wangu unakushukuru. Lakini ningependa angenichapa hata mara moja kwa neno langu mwenyewe. Angalau angejua nilikuwepo." Akatazama mlango aliokuwa anaupiga randa. "Huyo binti, pale kiwandani, kuna mtu mwenye mkanda?"

"Hapana."

"Basi unamwogopa nani?"

Alipoona machozi yanamtoka dada yake, fundi alimkumbatia, vumbi la mbao lote likahamia kwenye buluu. Halafu akasema anaweza kumpa mlango bure kama utamsaidia kuacha kulia. Hivyo ndivyo alivyo, hana staha hata kidogo, na Shangazi alicheka huku analia, kitu ambacho kinaumiza kifua.

Kesho yake alimfuata Mwanya bwenini. Alimkuta uani anang'arisha viatu vya mahojiano, kiatu kimoja mkononi, brashi mkono wa pili, kwa hiyo hata angetaka kusema asingeweza. Shangazi alisimama mbele yake, mahali penye mwanga.

"Sikuja kuomba msamaha kwa maneno mazuri," alisema. "Maneno mazuri ndiyo ugonjwa wangu. Nimekukosea. Wamekukataa mahali pawili, na wote wawili walinikataa mimi, hawakukukataa wewe. Mkalimani mwingine hapa hatuna, ningekupa. Ukitaka twende, nitasema kama utakavyosema."

Mwanya aliendelea kupiga brashi. Kisha aliweka kiatu chini.

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Hata nikitukana?"

"Usitukane, mwanangu, ni mahojiano ya kazi."

"Shangazi!"

"Haya. Hata ukitukana."

Mwanya alimtazama sana, akitafuta usoni mwake ile pasi. Mwisho alimrushia kiatu cha pili na kitambaa. "Ng'arisha," alisema. "Nimechoka."

Kiwanda cha biskuti kilinukia sukari toka getini. Mlinzi alimwambia Shangazi, "Mwambie asaini hapa," na Mwanya, aliyekuwa ameshaona kitabu na kalamu, alikuwa ameshasaini. Waliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na kalenda ya mwaka uliopita. Waliokuwa wakiwangoja ni watu wawili: meneja wa ubora, bwana mfupi mwenye koti jeupe na kalamu tatu kifuani, na afisa utumishi, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa akimtazama Shangazi kama vile ndiye aliyeomba kazi.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, na majibu yakawa ya kawaida. Kisha meneja akasogeza sahani yenye biskuti. "Hizi zimetoka asubuhi hii. Mwambie aonje, atupe maoni yake."

Mwanya hakuonja kwanza. Aliivunja biskuti, akaitazama palipovunjika, akainusa, akabonyeza katikati kwa kidole, ndipo akatia kipande mdomoni. Akafuta mikono. Akasema: nje imeiva, ndani bado. Tanuri lenu ni kali mno mwanzoni, au mwenye tanuri ana haraka ya kwenda nyumbani. Ningekuwa kazini hapa, hizi zisingetoka mlangoni.

Shangazi alifungua mdomo. "Biskuti ni nzuri," alisema, na sauti yake nzuri ikateleza yenyewe kwenye njia yake ya siku zote, "ila pengine zingeweza kuboreshwa kidogo upande wa..."

Meneja alitikisa kichwa kwa heshima.

Mwanya alikuwa anamtazama meneja, hamtazami Shangazi. Alikiona kile kichwa kikitikisika. Alikijua. Mikono yake ilishuka taratibu kuelekea mifukoni.

"Samahani!" Shangazi karibu apige kelele. Alisema kwa sauti na kwa mikono pamoja, ili pande zote mbili zisikie. "Mkalimani amekosea. Sikusema alichosema. Narudia." Akavuta pumzi. "Nje imeiva, ndani bado. Tanuri lenu ni kali mno mwanzoni, au mwenye tanuri ana haraka ya kwenda nyumbani. Ningekuwa kazini hapa, hizi zisingetoka mlangoni."

Uso wa meneja ulibadilika rangi. Shangazi akawaza, basi, nimemkosesha kazi mtoto wa watu.

"Mwambie," meneja alisema, kalamu tatu zikitetemeka kifuani, "moto wa tanuri hilo nimeupanga mimi mwenyewe."

"Ndiyo vizuri," Mwanya alijibu kwa mdomo wa Shangazi. "Mwenye kulirekebisha hatuna haja ya kumtafuta."

Afisa utumishi alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha jambo. Meneja alichukua biskuti akaivunja. Akatazama ndani. Akavunja nyingine. "Hii je? Hii imeiva."

"Hiyo ilikuwa pembeni ya trei. Tafuta ya katikati."

"Utajuaje ilikuwa pembeni?"

"Ina alama ya ukingo hapo chini. Geuza."

Meneja aligeuza. Alisogeza kiti. Akaanza kueleza habari za unga mpya waliouleta, unavyonyonya maji kuliko wa zamani, na Mwanya akambishia, akasema unga hauna kosa, na meneja akambishia naye, akivunja biskuti moja baada ya nyingine mpaka sahani ikajaa vipande. Katika kubishana huko akaacha kusema "mwambie". Alikuwa anamtazama Mwanya machoni na kumwambia mwenyewe, "Hapana, sikiliza, nakwambia hivi," na Shangazi alitafsiri huku na huku mpaka jasho likamtoka, na hakuna aliyemkumbuka kama yupo. Hajawahi kufanya kazi tamu kama ile.

Aliyemkumbuka ni afisa utumishi. Aliweka miwani yake juu ya meza. "Mama," alimwambia Shangazi, "tuseme ukweli. Naona binti anajua kazi. Lakini nafasi hii ni ya mtu mmoja. Wewe utakuwa unakuja naye kila siku? Maana bila wewe tutaelewana naye vipi? Hapo ndipo ninapokwama."

Swali lile liliulizwa kwa Shangazi, na Shangazi alikuwa na majibu mazuri yaliyonyooka kama mashati ya Jumapili. Lakini hayakuwa yake kuyajibu. Aliyapeleka maneno yote kwa mikono, kama yalivyo, na "hapo ndipo ninapokwama" ndani yake.

Mwanya alimtazama Shangazi kwanza. Uso wake ulikuwa laini. Kisha akamgeukia afisa, akasema.

Shangazi aliyaona maneno yakija. Angeweza kuyabadilisha. Hakuna mtu katika chumba kile ambaye angejua, hata Mwanya asingejua. Neno dogo tu, "labda", au "kwa sasa", lingetosha kumwachia mahali pa kusimama.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Huyu mama haji. Simhitaji."

Meneja aliinua kichwa. Mwanya aliendelea, na Shangazi naye, bega kwa bega. "Mambo ya kila siku tutaandikiana kwenye simu. Mashine zikiwekewa taa badala ya kengele tu, nitaona kile wanachosikia wengine. Alama za simama, moto na hapana nitawafundisha wenzangu siku ya kwanza, hazina ugumu. Kukiwa na mkutano mkubwa nitaomba mkalimani kitengoni kwetu, nitaomba mwenyewe." Mikono ya Mwanya ilisimama kidogo, ikaanza tena pole pole. "Huyu mama nilimkuta chuoni nikiwa siwezi hata kumuuliza mwalimu swali. Yeye ndiye aliyenishika. Nampenda, na nitampenda mpaka nizeeke. Lakini kwa miaka yote hiyo amenisemea maneno mazuri kuliko yangu. Mimi nataka mniajiri kwa maneno yangu, na siku mkinifukuza, mnifukuze kwa maneno yangu."

Sauti nzuri ya Shangazi ilikuwa imepasuka vipande vipande, lakini kila neno lilifika. Alidhani yameisha. Hayakuisha. Mwanya alikuwa ameuonyesha mwanya wake, na vidole vikarudi hewani, na Shangazi, kwa kuwa alishaahidi, akalisema na hilo pia, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola:

"Na msimwangalie sasa hivi, tafadhali. Huyu hulia ovyo. Hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua."

Afisa utumishi aliangua kicheko mpaka akaishika meza. Meneja alicheka kichwa nyuma, kalamu moja ikaanguka. Na Mwanya akawaona. Alimwona huyu, akamwona yule, akayaona mabega yanavyotikisika na midomo ilivyo wazi, na kicheko kile kilikuwa chake, kilikuja palepale alipokiweka. Uso wake ulifunguka kuliko Shangazi alivyowahi kuuona.

Walimpa kazi kwa majaribio, na majaribio yakaanza mwanzoni mwa mwezi. Asubuhi ya siku ile Shangazi aliamka mapema, akavaa, akakaa kitandani na viatu miguuni, kisha akavivua akanywa chai. Alikwenda kitengoni kama kawaida. Alitafsiri somo la uchumi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakulipenda, na alisema waziwazi kwamba halipendi, na Shangazi akalisema hivyo hivyo, na mhadhiri alishtuka sana. Kila baada ya muda alichungulia simu yake. Hakuna kitu. Mkuu wa kitengo alimwambia aizime. Hakuizima.

Jioni ujumbe uliingia. Aliusoma amesimama ukumbini, akausoma tena amekaa.

"Leo nimegombana na mtu wa tanuri," Mwanya alikuwa ameandika. "Kwanza kwa simu, kisha kwa mikono, mwisho yeye kaanza kuigiza, na anaigiza vibaya. Kiwanda kizima kimesimama kututazama. Tanuri amelipunguza. Shangazi, wamecheka. Wamecheka na hukuwepo."

Shangazi alitaka kujibu maneno marefu. Aliyaandika, akayasoma, akayaona yamenyooka mno, akayafuta. Akaandika tu kwamba anafurahi na anaumia, vyote viwili, na kwamba hajui kipi kimezidi. Akautuma hivyo hivyo.